UZI: Soksi za buti za mlimani na porini, chagua zinazodumu na zisizokutoa malengelenge

Mwamba wa Machame

Wakuu salaam.

Humu kila baada ya muda anaibuka mtu anauliza anunue buti gani la kupandia Kilimanjaro au kuzungukia Usambara. Watu wanamiminika kutaja kampuni, ukurasa wa pili tayari ugomvi. Soksi haulizi mtu. Unakuta mwenzetu ametoa laki tatu na ushee kwenye buti, ndani kavaa soksi za pamba za kwa machinga, zile za jozi tatu kwa mpigo.

Kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani. Jioni ya kabla ya safari tunakagua vifaa hotelini, na mimi kitu cha kwanza kuomba nikione ni soksi, koti baadaye. Buti la wastani lenye soksi sahihi linafika kilele cha Uhuru. Buti la bei mbaya lenye soksi ya hovyo, mwenyewe anaanza kuchechemea kabla hata ya kambi ya Shira.

Nianze na kitambaa, maana hapo ndipo wengi tunapopigwa. Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Mjini haina neno. Lakini toka lango la Machame, kama mita 1,800, upande msituni na ule unyevu mpaka kambi ya kwanza huko karibu mita 3,000, soksi ya pamba ukiivua unaikamua. Ngozi iliyolowa hivyo inakuwa laini na yenye makunyanzi, kama vidole vya mtu aliyeshinda anafua. Kila hatua mfupa unakwenda mbele huku ngozi imenata kwenye soksi, tabaka za ngozi zinaachana, katikati panajaa maji. Lengelenge ndilo hilo.

Sufu ni habari nyingine. Inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mguu haujahisi kwamba umelowa, na hata ikilowa bado inashika joto. Pia hainuki haraka, na mtakaolala wanne kwenye hema moja mtanielewa. Anayesema sufu inawasha anakumbuka sweta la shule. Soksi nzuri za mlimani ni za sufu ya kondoo wa merino, unyuzi wake mara nyingi uko chini ya maikroni 20, ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu kwa mara kadhaa, kwa hiyo unapinda ukigusa ngozi badala ya kuichoma.

Ila usitafute sufu tupu. Sufu asilimia mia inatoboka kisigino mapema mno. Anayebeba msuguano ni nailoni, na elastani kidogo ndiyo inairudisha soksi kwenye umbo lake. Mimi natafuta sufu kati ya nusu na asilimia 70, nailoni robo mpaka asilimia 45, elastani asilimia mbili tatu. Ukisoma lebo ukaona pamba imetajwa ya kwanza, irudishe ulikoitoa.

Sasa unene, ambapo ndipo ubishi ulipo. Mtu anasikia kileleni usiku kuna nyuzi kumi mpaka ishirini chini ya sifuri, anavaa jozi mbili nene ndani ya buti alilolipima akiwa na soksi ya kazini. Mguu unabanwa, damu haizunguki, hewa ya kushika joto haina pa kukaa, vidole vinakufa ganzi akidhani ni baridi ya mlima. Hapo ukimvua jozi moja anapata joto! Soksi nene inahitaji buti lenye nafasi yake. Kwa hiyo nunua soksi kwanza, nenda nazo dukani, nenda jioni mguu ukiwa umevimba na shughuli za mchana, ndipo upime buti. Sukuma vidole mpaka vigote mbele kabla ya kufunga kamba. Nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja.

Na soksi iwe ya saizi yako. Ile mifuko ya kisigino haikuwekwa kwa urembo. Ikikaa juu ya kisigino, kwenye mshipa, soksi ni ndogo au umeivuta vibaya. Ikizidi, kitambaa kinajikunja chini ya wayo, na mkunjo huo kufikia saa nane mchana ni kisu. Iwe ndefu kupita shingo ya buti. Igeuze nje ndani, pitisha kidole kwenye mshono wa mbele: ukisikia kigongo, kigongo hicho kitakaa juu ya kidole gumba siku nzima, na kwenye kushuka ndiyo balaa. Siku ya kilele unatoka mita 5,895 unashuka mpaka kambi ya Mweka, kama mita 3,100, siku hiyo hiyo. Kucha nyeusi nyingi zinapatikana hapo.

Karibuni tujadili. Wa mawindo nao waje, najua kule mambo ni tofauti.

Binti Same

Nafuatilia kwa karibu. Kaka, mimi sipandi mlima mkubwa, natembea tu Lushoto, Magamba na Irente na kikundi chetu cha wikiendi. Nahitaji hizo nene kweli?

Mwamba wa Machame

Huhitaji, dada. Kwako chukua nyembamba au za wastani, zile ambazo ndani zina vitanzi kama vya taulo kisigino na vidoleni tu, juu ni kitambaa chepesi. Nene za vitanzi mguu mzima mimi mwenyewe naziweka kwa usiku wa kilele na kulalia. Siku za msituni na kwenye nyika navaa za wastani.

Mgumu Mstaafu

Vijana mnapenda kukuza mambo. Sisi tumepandisha mizigo kambi za Barafu na Kibo na raba za kawaida, soksi za shule, wengine bila soksi kabisa, na tumerudi na miguu yetu. Leo mtu anahesabu maikroni.

Mwamba wa Machame

Shikamoo mzee wangu.

Sikubishii, nilianza kama mgumu, yaani mpagazi, vilevile na najua tulichokuwa tunavaa. Lakini mzee, tulikuwa tunavaa vile kwa kuwa hatukuwa na kingine. Wenzetu ngapi wana vidole visivyo na hisia mpaka leo? Mzigo wa mgumu kikomo chake ni kilo 20, na uzito wote huo unashukia kwenye wayo. Mgeni mwenye kabegi ka maji na kamera anashauriwa soksi ya dola 25, anayebeba hema na jiko aambiwe yeye ana ngozi ngumu! Kwa wagumu wanaosoma hapa: pale Moshi mradi wa KPAP, wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaazimisha wapagazi nguo na vifaa vya mlimani bila malipo. Nendeni mapema kabla ya safari, msione aibu.

Mgumu Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye mzigo umesema kweli. Tulikuwa tunavaa rambo, mifuko ya plastiki, juu ya soksi, ndani ya raba, maji yasiingie.

Kipara wa Ilala

Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, mzee, sasa sijui mnavaa vikapu 😂

Mwamba wa Machame

Hahaha. Hata zingekuwepo: mfuko unazuia maji ya nje na unafungia jasho la ndani. Ukitembea kwa saa tatu mguu umelowa kwa jasho lako mwenyewe. Kwa kukaa kambini na viatu vilivyolowa sawa, kwa kutembea siku nzima hapana.

Mama Belo Memorial

Naona wote mnaongelea lebo. Mimi nauza soksi na nguo za baridi hapa soko la mitumba la Memorial, Moshi. Soksi ya mtumba ina lebo gani? Karatasi yake ilitupwa siku ilipofunguliwa huko Ulaya. Ngoja niwape ya kwetu.

Kwanza ishike, ikunje kwenye ngumi, iachie. Yenye sufu inafumuka pole pole na mkononi unasikia joto mara moja. Nailoni tupu inateleza. Pamba inabaki imekunjamana.

Pili, chomoa uzi mmoja pale kwenye ncha ya ndani, uwashie kiberiti. (Usiwashe soksi yangu nzima jamani, kuna mteja alifanya.) Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unasita wenyewe, na kilichobaki ukikifikicha kinakuwa unga mweusi. Nailoni inayeyuka, inaacha kishanga kigumu. Pamba inawaka kama karatasi, jivu laini la kijivu. Ukipata harufu ya nywele pamoja na kishanga kidogo, umepata mchanganyiko anaousema Mwamba.

Tatu, ingiza mkono ndani mpaka kisigino, tanua vidole, angalia kwenye mwanga. Ukiona nuru inapita kama kwenye neti, sufu imekwisha, imebaki nailoni peke yake. Haijatoboka, lakini haina maisha. Angalia hapo na chini ya kidole gumba, kwingine usihangaike. Halafu vuta shingo ya soksi: isiporudi, itakuwa inashuka ndani ya buti kila baada ya mita mia.

Za Smartwool na Darn Tough zinapita hapa, jina limefumwa kwenye soksi yenyewe, mara nyingi chini ya wayo au vidoleni. Wauzaji wasiojua wanazichanganya na za buku mbili. Mimi najua, kwa hiyo kwangu si buku mbili.

Kipara wa Ilala

Mama umemwaga siri ya biashara hadharani. Soko la Karume sasa hivi watu watakuja na viberiti.

Mwamba wa Machame

Mama Belo, hii ya mwanga nilikuwa nafanya kwa buti kuukuu, kwa soksi sikuwahi kuifikiria. Asante.

Kwa wenye ndugu Marekani: Darn Tough, wale wa Vermont, wanatoa dhamana ya maisha, ikitoboka unarudisha wanakupa nyingine. Kwetu dhamana hiyo haitusaidii sana maana posta tu inakula faida, lakini inakuonyesha wanavyozisuka, nyuzi zimebanana kweli kweli. Ukimtuma mtu akuletee, hizo ni mojawapo.

Porini Rungwa

Habari za asubuhi wakuu. Mimi nafuata nyayo kwenye kambi za uwindaji wa kitalii, nimekaa mapori ya akiba muda mrefu. Soksi za Mwamba ukizivaa nene huku Oktoba utalia. Huku adui ni joto, vumbi na majani.

Sufu bado naitetea, watu wanashangaa. Lakini iwe nyembamba, nailoni iwe nyingi, na ifike nusu ya muundi. Urefu ule ni kwa ajili ya kupe: unachomeka suruali ndani ya soksi, kupe anapanda juu ya nguo unamwona kabla hajafika panapomfaa. Soksi fupi za michezo zinaacha kifundo wazi, ndiyo nyumba ya kupe na ya mbigili.

Rangi: usije na bluu wala nyeusi. Mbung'o anazipenda mno, ndiyo maana hata mitego yake inatengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kaki, kijani kilichofifia, kahawia. Na akishatua, soksi nyembamba anaichoma tu, usidanganyike.

Kitu kinachoua soksi porini kuliko mwendo ni mbegu za nyasi na magugu. Kishona nguo, na zile ndefu zenye ncha kama sindano. Zinaingia kwenye vitanzi vya sufu, unazing'oa unang'oa na nyuzi. Dawa yake ni vile vifuniko vya turubai vya kufunga juu ya buti, hata ukishona mwenyewe kwa fundi, au soksi ambayo nje ni laini na vitanzi viko ndani tu. Usizing'oe zikiwa mbichi. Acha soksi ikauke, zisugue na upande butu wa kisu, zinakatika zenyewe.

Tukisimama kivulini mchana natoa buti, nakung'uta mchanga, nabadilisha soksi, zile za asubuhi naning'iniza kwenye mkoba. Chembe moja ya mchanga kati ya soksi na buti inatoboa kuliko mwezi wa kutembea. Mteja akiona unafanya hivyo anacheka siku ya kwanza, ya tatu na yeye anavua.

Kipara wa Ilala

Upupu je? Ukiingia kwenye soksi?

Porini Rungwa

Soksi hiyo choma moto. Usiifue, usimpe mkeo aifue kama unampenda.

Nesi wa Bonde

Naomba niingie upande wa afya. Lengelenge dogo lisilouma sana liache, funika, ngozi ile ndiyo bandeji bora. Kubwa linalouma na bado una safari: nawa mikono, safisha kwa maji na sabuni, toboa pembeni kwa sindano safi iliyopitishwa kwenye spiriti, kamua maji, ngozi ya juu usiibandue, weka bandeji. Mwenye kisukari asitoboe wala asisubiri, aende kituo cha afya, mguu wake hauna utani.

Lakini kabla ya lengelenge huwa kuna onyo. Sehemu inaanza kuwaka moto, kama imeguswa na kikombe cha chai. Simama hapo hapo, vua, kausha, bandika plasta ya zinki ikiwa imenyooka bila mkunjo. Watu wanasema "nikifika kambini". Ukifika kambini ni kidonda.

Wale wanaowashwa katikati ya vidole na ngozi inabanduka nyeupe, hizo ni fangasi, soksi mpya haziponyi. Krimu ya klotrimazoli, pakeni mpaka muda ulioandikwa uishe hata muwasho ukikata, na msiazimane soksi.

Na magaga jamani. Kisigino kilichopasuka kinafanya kazi ya msasa. Mtu analalamika soksi zake zinatoboka nyuma, mwangalie kisigino. Loweka, sugua kwa jiwe, paka mafuta usiku. Kateni na kucha.

Mwamba wa Machame

Nesi umenigusa. Niongeze: kama soksi zako zinatoboka kisigino kila mara na huna magaga, ingiza mkono ndani ya buti. Bitana ya nyuma ikishachanika, plastiki ya ndani inatokeza na inakula soksi yoyote hata ya milioni. Peleka kwa fundi abandike kipande cha ngozi laini.

Otieno wa Nanyuki

Wadau, kwetu Mlima Kenya tuna shida nyingine, ukipanda kwa njia ya Naro Moru kuna kile kinamasi cha mteremko, unatembea masaa kwenye matope na nyasi za mafundo. Buti la kuzuia maji halisaidii maji yakishaingia kwa juu, yanakaa humo ndani. Mimi hupanda na soksi nyembamba sana ya poliesta ndani, ya sufu juu yake. Msuguano unabaki kati ya soksi na soksi, si kwa ngozi. Nimefika kilele cha Lenana hivyo, mita 4,985, bila plasta. Kuna ubaya?

Mwamba wa Machame

Hakuna ubaya, bora buti liwe na nafasi na ile ya ndani ibane vizuri bila mkunjo. Mimi binafsi naona jozi moja nzuri inatosha na ina mikunjo michache ya kuhangaikia, lakini nina wageni wanaoapa kwa jozi mbili, na wale wa soksi za vidole vitano nao wana dini yao. Mwenye vidole vinavyosuguana ajaribu hizo za vidole.

Kinamasi hicho ni rasharasha ukilinganisha na Rwenzori upande wa Uganda. Kule wengi wanatembea na gambuti siku nzima, buti linatolewa juu karibu na barafu. Mpira haupumui, kwa hiyo soksi ndefu ya sufu inayopita shingo ya gambuti, la sivyo muundi unachubuka duara zima.

Mswahili wa Minnesota

Salaam kutoka kwenye baridi. Huku Novemba tunaingia kuwinda paa, unakaa juu ya mti umevaa nguo za rangi ya chungwa kali kama fundi wa barabara, kimya, kwa saa nne hadi tano hujasogea. Shida ni kwamba unatembea kwanza kwenda kwenye mti, unatoka jasho, halafu unakaa, jasho linapoa, vidole kwaheri. Wenyeji walinifundisha: tembea na soksi nyembamba, nene ziweke kifuani ndani ya koti, ukifika badilisha. Kitu rahisi na kimenisaidia kuliko buti la bei.

Mwamba wa Machame

Hii ndiyo sheria ya kambi ya Barafu pia. Watu wanalala na soksi walizotembelea, saa tano usiku wakiamshwa kwa kilele miguu tayari ya baridi. Jozi ya kilele isiguse buti mpaka usiku ule. Iweke ndani ya mfuko wa kulalia ipate joto.

Zilizolowa usizikaushe juu ya jiko la mpishi: nailoni inayeyuka, na mpishi atakufukuza. Zikamue, zizungushe kwenye taulo na kuikanyaga, kisha zilaze tumboni ndani ya mfuko wa kulalia. Asubuhi zimekauka au zimebaki na unyevu kidogo, na ni za joto.

Binti Same

Kufua je? Zangu za sufu zilitoka kwenye ndoo zinamfaa mtoto wa mdogo wangu.

Mwamba wa Machame

Maji ya moto hayo, au ulizisugua sana. Maji ya kawaida, zigeuze nje ndani, sabuni kidogo, ziminye bila kuzisokota. Jiki usiweke, inaila sufu. Hata ile dawa ya kulainisha nguo acha, inaziba nyuzi zisinyonye jasho. Anika kivulini, zilalie kwenye kamba katikati, usizibane shingo. Na uwe na jozi za kupokezana. Moja ikipumzika siku inarudi unene wake.

Binti Same

Asante kaka. Swali la mwisho kwa Mama Belo: mguu wangu 37, na kila nikija Memorial soksi za mlimani ni za wanaume watupu. Nikivaa 43 kisigino kinapanda mpaka kwenye kifundo.

Mama Belo Memorial

Usichukue 43 mwanangu, na usizikunje mbele kama wanavyofanya wengine, utaumia. Tafuta kwenye rundo la watoto wakubwa, za kuchezea theluji, kuna zenye sufu nzuri kuliko za wakubwa na watu wanazipita kwa sababu zina picha za dubu. Belo la soksi nafungua Jumamosi saa moja asubuhi. Wagumu wanakuwa wameshapanga foleni, kwa hiyo ukija saa nne utakuta za pamba.

Binti Same

Saa moja nipo hapo. Na kiberiti.